Mzigo wa Mwenzio: Kuitazama Tena Up in the Air

Kuna dakika chache za filamu ya Up in the Air ambazo watu hukumbuka hata wakiwa wamesahau hadithi yenyewe. Ryan Bingham, anayeigizwa na George Clooney, amekutana uwanja wa ndege na Natalie Keener, msichana wa miaka 23 anayeanza kazi, na Natalie amekuja akiburuta sutikesi kubwa. Bingham anaiangalia ile sutikesi vile daktari huangalia kidonda. Anamtafutia begi dogo la magurudumu, anaanza kumhamishia vitu, na vingine vinakosa nafasi. Halafu anampigia hesabu. Begi likienda tumboni mwa ndege, unapoteza dakika 35 kila safari. Yeye husafiri siku 270 kwa mwaka. Hiyo ni saa 157, karibu wiki nzima ya maisha, umesimama kando ya mkanda ukitazama mabegi ya watu yakizunguka.

Ukishaisikia hesabu hiyo, ni vigumu kupakia begi bila kumwona Clooney akikutazama kutoka pembeni. Na hapo ndipo nina neno na hii filamu, ambayo naipenda na nimeitazama mara nne. Imefanya begi dogo lionekane kama tabia njema. Mwenye begi dogo ni mtu aliyepangika, anayejua dunia, anayeheshimu wakati wa wengine. Mwenye begi kubwa ni mshamba, au ana shida fulani ambayo hajaitatua. Miaka imepita na hukumu hiyo bado tunaitumia, hata sisi ambao hatujawahi kuwa wasafiri wa aina ya Bingham.

Kwa ambao hawajaiona: iliongozwa na Jason Reitman na ikatoka Desemba 2009. Imetokana na riwaya ya Walter Kirn ya mwaka wa 2001. Kazi ya Bingham ni kuzunguka Marekani akifuta watu kazi kwa niaba ya mabosi wanaoogopa kuwatazama wafanyakazi wao machoni. Pembeni ana kazi nyingine, ya kutoa hotuba kuhusu begi la mgongoni. Anawaambia wasikilizaji wafikirie wanatia kila walicho nacho ndani ya begi hilo: vitu vya kwenye rafu, viti, gari, nyumba. Kisha anawaambia watie watu: marafiki, ndugu, wazazi, mume au mke. Wasikie kamba zinavyokata mabega. Mahusiano, anasema, ndiyo mzigo mzito kuliko yote. Kuna wanyama waliozaliwa kubebana, lakini sisi si wao, sisi ni papa.

Niliposikia hapo nilicheka, kwa sababu watu wa Mombasa papa tunamkausha, tunamfunga kwa gazeti na mifuko mitatu ya plastiki, na tunampeleka Nairobi ndani ya begi la mtu ambaye hata hatamla. Papa ni wa shangazi yake Umoja. Yeye ametumwa tu.

Tutarudi kwa shangazi. Kwanza tuangalie filamu ilitengenezwa wakati gani.

Mnamo Februari 2008, shirika la United lilitangaza kwamba abiria wa ndani ya Marekani atalipa dola 25 kwa begi la pili. Tarehe 15 Juni mwaka huohuo, American Airlines ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza. Sababu iliyotolewa ilikuwa mafuta, na kwa haki, mafuta yalikuwa yamepanda vibaya: Julai 2008 pipa moja lilifika dola 147. Lakini kufikia Desemba pipa lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Ada haikuanguka nalo, na mashirika mengine yaliyokuwa yakisitasita yakafuata. Mwaka wa 2010, Spirit ikaenda hatua nyingine na kutoza hata begi la kuweka kwenye kabati la juu. Southwest, ambayo kwa miaka mingi ilijitangaza kama shirika lisilotoza mabegi, ilisalimu amri Mei 2025. Kuna pia jambo dogo la kodi: Marekani, nauli ya safari za ndani hukatwa kodi ya asilimia 7.5, lakini ada ya begi haikatwi. Ukihamisha sehemu ya bei kutoka kwenye tiketi hadi kwenye begi, kodi hiyo imebaki nyumbani kwako.

Kwa hivyo filamu ilipotoka, watazamaji wake walikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa kujifunza kusafiri kwa njia mpya. Kila mtu alikuwa anajaribu kukwepa zile dola 15 kwa kubeba kila kitu mkononi. Makabati ya juu, yaliyotengenezwa enzi ambayo begi kubwa lilienda chini bila malipo, yakajaa kabla ya nusu ya watu kuingia. Mara Bingham akatokea na suti nzuri, akiwaonyesha namna ya kufunga zipu. Yeye hakupunguza mzigo ili kukwepa ada, maana msafiri wa daraja lake halipi ada. Lakini alilipa jambo hilo sura. Aliyefinyangwa na bei sasa aliweza kujiona kama mtu wa nidhamu.

Nasema hivi: bei ilivaa kanzu ya adabu, ikaingia ndani ya ndege, na tukaisimamia heshima.

Angalia ugomvi unavyotokea. Shirika limekuuzia tiketi ya bei ya chini, likaongeza bei ya begi la chini, na kabati la juu halina nafasi ya kutosha abiria wote. Uhaba huo umepangwa ofisini. Lakini wanaotazamana vibaya ni abiria wa kiti 14 na wa kiti 15. Huyu ameweka koti juu kama kwamba koti lina tiketi. Yule ameacha begi lake safu ya 6 na yeye anakaa safu ya 27. Mwingine ana begi la magurudumu, la mgongoni, na mfuko wa dukani ambao anaapa hauhesabiki. Wote wanaitana wabinafsi, na mhudumu, ambaye hakupanga bei yoyote, ndiye hakimu.

Mwenye mpango yuko wapi? Novemba 2024, kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu ada hizi. Ndani yake kuna jambo ambalo mwandishi wa hadithi angeambiwa amezidisha chumvi: Frontier na Spirit, kati ya 2022 na 2023, zililipa dola milioni 26 kwa wafanyakazi wa mlangoni na wengine kama motisha ya kuwanasa abiria wenye mabegi yaliyozidi kipimo. Yule dada anayekuambia kwa upole ujaribu kuliingiza begi lako kwenye ile fremu ya chuma anaweza kuwa anapata kitu kidogo likikataa kuingia. Fremu ile haina hasira wala upendeleo, ndiyo maana inaogopesha. Makanga ungeweza kubishana naye.

Mahakama nazo zimelisema. Mwaka wa 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyohusu Vueling, iliamua kwamba begi la kukabidhi linaweza kutozwa, lakini begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kiasi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha mtu, kwa hivyo lisitozwe ada ya ziada. Miaka kumi baadaye, Novemba 2024, serikali ya Uhispania ikatangaza faini ya jumla ya yuro milioni 179 kwa mashirika 5, Ryanair na Vueling yakiwemo, kwa mambo kama hayo. Mashirika yakapinga. Lakini ona wazo lililo chini ya uamuzi ule wa 2014: huwezi kumuuzia mtu safari ukamtenga na vitu vyake, kwa sababu mtu hasafiri uchi. Binadamu na kabegi kake ni kitu kimoja.

Sisemi adabu ya ndani ya ndege ni uongo mtupu. Ipo ya kweli, na unaitambua kwa sababu inamfaidi mtu aliye karibu nawe. Vua begi la mgongoni kabla ya kuingia ujiani, usiwapige watu usoni kila ukigeuka. Kidogo weka chini ya kiti cha mbele, kikubwa weka juu ya safu yako mwenyewe. Mama akishindwa kuinua, inua. Na kubwa kuliko zote: ndege ikipata ajali, acha begi. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka moto ikiwa na watu 379. Wote 379 walitoka hai, na kwenye zile picha za watu wakishuka kwenye slaidi, mikono mingi ni mitupu. Hiyo ndiyo adabu ya begi. Haihusiani na sentimita wala dola.

Shida ni kwamba adabu ya aina hii na ile ya bei zimefungwa kwenye furushi moja, na furushi hilo limetufikia hata sisi.

Filamu yenyewe tuliipata kwa DVD za kuchoma za shilingi 50. Mtindo wa bei ulifuata: Jambojet ilipoanza kuruka mwaka wa 2014, ilikuja na nauli ya chini, na begi la chini unalilipia kando. Sina ugomvi na hilo. Watu wengi walipanda ndege mara ya kwanza kwa sababu hiyo, na mwenye kibegi cha siku mbili ana haki ya kuuliza kwa nini achangie friji ya mwenzake. Uzito hunywa mafuta, na kitu kinachogharimu kiwe na bei. Hata basi la Busia hutoza gunia. Tofauti ni kwamba kule Machakos Country Bus bei ya gunia ni bei tu. Makanga analitazama, anakutazama, anataja mia tatu, unataja mia, mnakutana katikati, gunia linapanda juu. Hakuna anayekuona huna ustaarabu kwa kuwa na gunia. Pengine anayesafiri bila gunia ndiye huulizwa kama kwao kuna amani.

Ndege ndiyo imetufundisha kuona aibu. Tazama video zinazozunguka mitandaoni kila Desemba, za kina dada wanaorudi kutoka Saudia, Qatar na Dubai. Mkanda unazunguka JKIA, na juu yake kuna maboksi yaliyofungwa kamba ya manila, mablanketi yaliyokazwa ndani ya plastiki, jina na nambari ya simu vimeandikwa kwa kalamu nene pande zote nne. Maoni chini ya video unayajua. Wamehamisha Riyadh. Blanketi hata Gikomba zipo. Kwani hawa hawajui kusafiri? Anayeandika hivyo ana miaka kama yangu, na safari yake ndefu zaidi kwa ndege ni dakika 45 kwenda Diani. Lakini amemsoma Bingham, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Sasa na mimi nipige hesabu, maana Bingham si peke yake mwenye kalkuleta. Mkataba wa kazi za nyumbani Ghuba kwa kawaida ni miaka 2. Hizo ni siku 730. Chukua tiketi inayoruhusu kilo 30. Gawanya: ni gramu 41 kwa siku. Yai la kuku lina uzito kuliko hiyo. Mtu ameamka kabla ya watoto wa watu kuamka, amelala baada ya wageni wa watu kuondoka, na kwa kila siku ya maisha yake ya aina hiyo ameruhusiwa kurudi na kitu chepesi kuliko yai. Ndani ya hizo gramu kuna viatu vya mtoto ambaye alimwacha akitambaa, na amenunua kwa kukisia, kwa sababu mguu wa mtoto haupimwi kwa simu. Kuna manukato ya mama mkwe, tende za jirani aliyemwangalia mtoto, blanketi la mzee. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na huyu anajua mikono mingapi inamngoja nje ya geti.

Wakati wa kwenda ni vilevile. Simama pale nje ya ukumbi wa kuondokea uone begi likifunguliwa kwenye sakafu baada ya mizani kusema kilo 4 zimezidi. Kuna unga wa mahindi, majani chai, omena ndani ya kopo la maziwa, pilipili ya kusaga. Simu inapigwa haraka kwa waliomsindikiza, warudi kabla hawajatoka maegesho. Kinachotolewa kwanza ni nguo zake. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja: mtu anavaa koti la pili juu ya la kwanza, anatoa viatu vyake vizuri anampa dada yake, unga unabaki. Kulingana na Bingham huyu hajui kupakia. Mimi naona anajua vizuri sana. Ametofautisha cha lazima na cha ziada, ila tu cha lazima kwake si kile kilichoandikwa kwenye mwongozo.

Ndiyo maana nasema filamu hii ina upungufu ambao hauonekani ukiitazama kutoka kwa Bingham. Wakosoaji wengi wameisifu kwa sababu inamgeuka shujaa wake. Na kweli inamgeuka. Bingham anafikisha maili milioni 10 alizokuwa akizifukuza, na hana wa kumpigia simu. Anakatiza hotuba yake mwenyewe ya begi. Mwishoni amesimama mbele ya ubao mkubwa wa safari, anauachia mkono wa begi lake. Tumwonee huruma, na namwonea. Lakini angalia filamu inatilia shaka nini. Inatilia shaka moyo wake. Mizani yake haiguswi. Hakuna mahali inaposema kwamba huenda alikosea kuhusu yule mwenye sutikesi kubwa, na Natalie habadilishi tena begi.

Kuna onyesho la foleni ya ukaguzi. Bingham anamfundisha Natalie achague foleni kwa kuwatazama watu: wazee wakwepe, wenye watoto wachanga wakwepe, wafuate watu wa Asia kwa sababu wanabeba vichache. Natalie anamwambia huo ni ubaguzi. Anajibu kwamba kuwahukumu watu kwa sura kunaokoa muda. Ukumbi mzima wa sinema unacheka, na filamu inasonga. Wale wazee na wale wenye watoto wanabaki pale nyuma, hawana jina wala sentensi moja. Hilo linauma zaidi ukijua Reitman alifanya nini kwingineko katika filamu hiihii: alitafuta watu halisi waliokuwa wamefutwa kazi wakati ule, akawaweka mbele ya kamera, wakasema walivyojisikia kwa maneno yao. Alijua kwamba anayepunguzwa ofisini ana sauti. Kwa anayepunguziwa mzigo uwanja wa ndege, hilo halikumjia.

Lakini sanaa nzuri huwa inajua zaidi ya msanii, na kuna kitu kimoja ndani ya Up in the Air kinachoikosoa kuliko ninavyoweza mimi. Dada yake Bingham anaolewa, na hana pesa za fungate. Familia inamwomba Bingham abebe picha ya kadibodi ya maharusi, awapige picha mbele ya sehemu mbalimbali anazopita, iwe kama na wao wamesafiri. Kaka mtu, mtaalamu wa mabegi wa bara zima, anajaribu kuitia ile kadibodi ndani ya kibegi chake. Haiingii. Anatembea viwanjani na vichwa vya maharusi vimechomoza juu ya zipu.

Yaani hata yeye alitumwa. Dakika alipokubali kubeba kitu cha mtu mwingine, begi lake likaacha kutosha. Filamu inaipiga kama mzaha, na ni mzaha mzuri, lakini kwangu pale ndipo Bingham anafanana na sisi kwa mara ya kwanza. Ni mtu mwenye papa wa shangazi.

Waswahili wana msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe unayeutazama unaona pamba nyepesi, anayeubeba ndiye anajua. Uwanja wa ndege umeugeuza msemo huu upande wa pili: mzigo wa mwenzio siku hizi unaonekana mzito kupita kiasi, mkubwa, wa aibu, na wetu ndio tunaouona wa kiasi. Kosa ni lilelile. Tunapima bila kujua kilichomo.

Ada zitaendelea, na nikiwa na pesa nitazilipa, nikikosa nitavaa makoti mawili. Ninachokataa ni kulipa halafu nisaidie kukusanya kwa macho. Ukiingia ndege Desemba hii na mtu amesimama ujiani, jasho linamtoka, anasukuma boksi ambalo halitaki kuingia, usimtazame vile Bingham alivyoitazama sutikesi ya Natalie. Weka koti lako magotini. Hapo juu patapatikana sentimita kadhaa, na kwa blanketi lililobanwa vizuri huenda zikatosha.